Jioni za Kigoma kwa mtu aliyezoea Dar

Mkuu, umesema umepata uhamisho wa kuja Kigoma, na jamaa zako wa Dar wamekutisha kwamba huku saa mbili usiku mji umeshalala. Nina miaka sita hapa. Nilikuja kwa treni, kilomita kama 1,250, na niliposhuka nikaelewa kwa nini wanapaita Mwisho wa Reli. Reli ilifika 1914 ikaishia hapo hapo, mbele ni maji.

Mimi ni mtu wa mji. Napenda kuzurura bila safari na kusikiliza watu wakivutana bei. Mwezi wa kwanza nilishindwa, nikawa najifungia na simu. Kilichonitoa ndani ni umeme kukatika. Joto likanizidi, nikashuka na barabara ya Lumumba, ile yenye miembe, kuelekea stesheni. Ziwa lilipoonekana nikakuta mji mwingine kule majini: taa, taa, taa, mstari mrefu. Nikamwambia mzee muuza kahawa, kumbe Kongo wao wana umeme! Akacheka mpaka birika likatikisika. "Kongo ya wapi, mwanangu? Hao wavuvi wa dagaa."

Tangu usiku ule nikawa mteja wake. Kikombe cha kahawa, kashata, na macho ziwani. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mji ule una kalenda yake. Dagaa hufuata mwanga wa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Mwezi ukijaa, mwanga umetapakaa ziwa zima na taa ya mvuvi haina kazi, kwa hiyo wanapumzika. Siku hizo ukitazama chini huoni taa hata moja. Wanasubiri giza.

Somo hilo nililielewa vizuri baada ya kulipa ada. Nilikwenda Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi, wakati wa mbalamwezi kununua dagaa wa kutuma nyumbani, nikauziwa sado mbili kwa bei iliyoniuma, na wenyewe walikuwa wa zamani, wekundu, wamejaa mchanga. Mama alinipigia simu kuuliza kama nimemtumia samaki au ufukwe. Siku hizi nasubiri giza, naenda asubuhi wakishusha, na nauliza kwanza: walianikwa juu ya chanja au mchangani? Wa chanja ni ghali kidogo lakini hawakwaruzi meno. Kichwa kiwe kimeshika, rangi iwe ya fedha. Masika uwe makini zaidi, jua likikosekana wanaharibika haraka.

Ukiwa Kibirizi usikimbilie kuondoka. Boti za vijiji vya kaskazini na Gombe hupakia hapo, na kutazama watu wakipanga godoro, kuku na madumu ya mawese kwenye boti moja ni burudani isiyo na kiingilio. Salimia "mwakeye" asubuhi, hata ukikosea matamshi watakuchangamkia. Mimi walinisahihisha wiki nzima.

Ujiji utakwenda tu, kila mgeni huenda kuona pale Stanley alipomkuta Livingstone 1871. Makumbusho ni saa moja inatosha. Mimi huenda kwa ajili ya vichochoro vyake na samaki wa migebuka wa mawese na ugali wa muhogo, ambao sijawahi kuwapata Dar wakiwa na ladha ile. Na ukisikia wazee wanaizungumzia Liemba, kaa usikilize: meli ya Wajerumani iliyoletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa, wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua, ikarudi kazini 1927. Kila mzee ana safari yake ndani ya ile meli, na kila safari ina dhoruba.

Kuhusu nyumba, tafuta mtaa wa Mwanga, ukishuka kidogo unaliona ziwa. Na kabla hujakata tiketi, angalia mwezi. Ukifika wakati wa giza, tua mizigo, shuka Lumumba usiku huo huo. Mzee wa kahawa hukaa upande wa kushoto ukielekea stesheni. Usimwambie kuwa ni Kongo, atakucheka mwaka mzima.