Kabla Ulaumu Birika, Pima Volti Kwanza

Nilipohamia bedsita yangu huku Roysambu nilipata soketi ni moja tu, tena iko nyuma ya mlango, so kila kitu kilikuwa kinategemea ekstensheni moja ya bei ya chini. Birika ya stima nayo ikaanza vituko. Asubuhi maji yanachemka kwa dakika tano hivi, jioni nikitoka job ni karibu saba. Fundi mmoja akaniambia koili, ule waya wa ndani unaopasha maji, imeisha, ninunue ingine. Nikasema wacha kwanza nipime.

Nikashuka Luthuli, ile barabara ya maduka ya vifaa vya stima mjini Nairobi, nikachukua malti mita ya kawaida ya kupima volti na omu, na ile ingine ya kubana waya inayopima ampia. Nikachomoa birika (omu, yaani vile koili inazuia stima, usiwahi kupima kitu kikiwa kwa stima, utachoma mita na pengine ujichome mwenyewe), nikabonyeza swichi yake, nikagusisha zile pini mbili fupi za plagi, ile ndefu ni ya athi, waya wa kwenda ardhini, achana nayo. Ikasoma omu 29. Chini ya birika imeandikwa 240V 2000W. Sasa gawa wati kwa volti upate ampia, yaani kiasi cha stima kinachopita, 2000 kwa 240 ni 8.3, halafu gawa volti kwa ampia upate omu, 240 kwa 8.3 ni 29. Koili ilikuwa mzima kabisa, na mimi nusura nitoe pesa!

Jioni, birika ikiendelea kuchemka, nikapima soketi nikapata volti 200. Ampia ndio zilinitesa, nilibana kebo nzima mita ikasoma sufuri nikaanza kumlaani muuzaji, kumbe unafaa kubana waya mmoja tu, ukibana zote mbili stima ya kwenda na ya kurudi zinafutana. Jirani mwenye anafanya waya za nyumba akanikopesha kipande cha kebo chenye waya zake zimetenganishwa vizuri, ikasoma 6.9. Zidisha na 200, ni wati 1380.

Shida ilikuwa hapo. Omu za koili ni zilezile, so volti zikishuka ampia nazo zinashuka, na wati, zikiwa ni volti mara ampia, zinaumia kutoka pande zote mbili. Volti zilipungua sehemu moja kati ya sita, wati zikapungua karibu theluthi. Tokeni za stima hazikuisha haraka sana kwa sababu ya hiyo, unangoja tu chai zaidi. Lakini usipeleke hii hesabu ya omu kwa friji, mota ina mambo yake.

Ekstensheni sasa. Pasi yangu ni wati 1200, hiyo ni ampia 5, ukiongeza 8.3 za birika unafika 13.3 na fyuzi ni ya 13. Nilidhani fyuzi itakatika, wapi! Ukiizidisha kidogo hivyo inavumilia tu, kinachoumia ni plagi na waya. Siku moja nikasikia harufu ya plastiki, kuangalia, tundu moja limegeuka kahawia. Mahali palipolegea pakiwa na nusu omu tu, ampia 8 mara 8 mara nusu ni wati 32, joto la ile pasi ndogo ya mafundi ya kuchomelea waya, limefungiwa ndani ya plastiki.

Ile ekstensheni nilitupa. Siku hizi napiga pasi usiku, birika ni ya asubuhi, na nikichomoa plagi naishika kwanza, ikiwa na joto kama la kikombe cha chai nampigia jirani akaze soketi.