Maswali ya Wasomaji: Simfonia Yenye Jina la Izraili

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwimbaji wa sauti ya tatu katika kwaya ya parokia, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisikiliza simfonia, yaani kazi ndefu za okestra, za Beethoven pamoja na ile ya tisa ya mtunzi Mcheki Dvořák, ambayo sasa karibu naijua kwa moyo. Natamani kuzifahamu simfonia ndefu za mwisho wa enzi ya Urumantiki, ule muziki wa hisia nzito wa karne ya kumi na tisa, lakini kila nikijaribu napotea njiani. Nianze na ipi, na niisikilize vipi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kwa kuwa umekwisha kumzoea Dvořák, sitakupeleka mbali na nyumbani kwake. Anza na simfonia ya mkwewe, Josef Suk, iitwayo Asrael, opasi 27 (yaani namba ya kazi yake), katika C maina, ngazi ya sauti yenye huzuni. Jina lenyewe si geni kwetu, kwani ni la malaika wa mauti, yule ambaye Waswahili tunamwita Izraili.

Suk, Mcheki aliyezaliwa mwaka 1874, alifundishwa utunzi na Dvořák mjini Prague, na mwaka 1898 akamwoa binti wa mwalimu wake, Otilie. Dvořák alifariki Mei 1904, na mapema mwaka uliofuata Suk alianza kumtungia simfonia ya kumbukumbu, akikusudia kuomboleza kwanza na kisha kumalizia kwa kuyatukuza maisha ya marehemu. Sehemu tatu za mwanzo zilikuwa zimekwisha kutungwa pale Otilie naye alipofariki, Julai 1905, akiwa na umri wa miaka 27, na kumwachia mume mtoto mdogo wa kiume. Mpango wa kumaliza kwa utukufu uliachwa. Mahali pake Suk aliandika sehemu mbili mpya, akazikamilisha Oktoba 1906, na kazi nzima ikapigwa kwa mara ya kwanza Prague tarehe 3 Februari 1907, okestra ikiongozwa na Karel Kovařovic.

Ndiyo maana nakuomba usiisikilize kama kipande kimoja kirefu cha saa nzima, kwa maana hapo ndipo wengi hupotea. Isikilize kama kazi iliyozaliwa na msiba mmoja na kukatwa katikati na wa pili, na uupe heshima ukimya ulio kati ya sehemu ya tatu na ya nne, kwa sababu mtu aliyeanza kuandika na mtu aliyemaliza hawakuwa na moyo uleule.

Mwimbaji wa kwaya ana faida kubwa hapa. Imba fa kisha upande hadi ti, usikie jinsi sauti hizo mbili zinavyokataa kutulia: juu ya umbali huo Suk amejenga wimbo mfupi wa mauti, ambao alikuwa ameutumia zamani katika muziki wa tamthilia ya Radúz na Mahulena, na ambao sasa unarudi tena na tena katika simfonia nzima. Ukishautambua, hutapotea.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ya pili. Noti moja, D flati, inashikiliwa juu karibu muda wote, huku chini yake muziki ukienda polepole na kulitaja wazo kutoka Misa ya Wafu ya Dvořák mwenyewe. Noti hiyo hunikumbusha mtu anayekaa pembeni matangani usiku kucha bila kusema neno, ambaye hakuna anayethubutu kumwuliza jambo. Sehemu ya tatu ni ya kasi na ya kutisha, nayo haihitaji maelezo mengi. Ya nne ni taswira ya Otilie, yenye upole usio na malalamiko, na fidla ya pekee inapojitokeza humo ni vizuri kukumbuka kwamba Suk mwenyewe alikuwa mpiga fidla, mwanachama wa Kwarteti ya Kicheki, kundi la wapigaji wanne, kwa miongo mingi.

SWALI: Je, ni halali kusimuliwa maisha ya mtunzi kabla ya kusikiliza? Nilifundishwa kwamba muziki ujieleze wenyewe.
Msomaji, Nairobi

JIBU: Kwa simfonia nyingi nakubaliana na mwalimu wako. Kwa hii ya Asrael sikubali, kwa kuwa Suk mwenyewe ameiweka wakfu kwa kumbukumbu ya Dvořák na Otilie, na hivyo majina hayo ni sehemu ya kazi kama noti zilivyo. Hata hivyo, sehemu ya tano inaweza kumtosha hata asiyejua lolote: timpani, zile ngoma kubwa za okestra, zinaugonga wimbo wa mauti kwa ukali, mapambano yanafuata, na mwishowe okestra inatulia kwa sauti ya chini katika C meja, ngazi yenye nuru kuliko C maina ya mwanzo. Utulivu huo haukuja kirahisi, na katika rekodi ya mwaka 1952 ya kiongozi wa okestra Václav Talich na Okestra ya Filamoni ya Czech unasikika bila haraka yoyote, kila chombo kikinyamaza kwa zamu yake.