Jibu: Riwaya ya mwanamke wa Ugogo, mafua ya 1918

Dada, umeuliza uanzie wapi kuandika riwaya ya mwanamke wa Ugogo, nchi ya Wagogo huko Dodoma, wakati wa mafua ya 1918. Mimi ningeanza na chungu kisicho na kitu. Mafua yalipokuja, Ugogo ilikuwa tayari kwenye njaa ya Mtunya: majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza yalishachukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Ugonjwa ule uliua sana watu wa makamo ya kulima na kuzaa, wajawazito wakiwemo. Sasa nani anateka maji? Nani anapiga magoti kwenye jiwe kusaga uwele? Ripoti za maofisa wa kikoloni zipo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ila humo wanawake hawana majina. Jaribu vitabu vya ubatizo vya misheni za zamani, halafu kawasikilize bibi zetu wa Dodoma.