Mwanasaikolojia si wa kuogopwa

Wiki hii mmeuliza: "Daktari amekuambia unaweza kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito ukitimiza masharti. Utauandaaje mwili na akili?" Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Marekani, na upasuaji huo nilifanyiwa baada ya bima kuridhia. Nitakaa zaidi kwenye akili, maana ndiko wengi wetu tunakopuuza.

Masharti hayana siri. Tangu 1991 madaktari wa huku walitumia kigezo cha BMI (kipimo cha uzito wako ukilinganishwa na urefu) ya 40, au 35 kwa mwenye maradhi yanayoambatana na unene, kama kisukari au presha. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vilipendekeza 35 itoshe hata kwa asiye na maradhi, lakini si kila bima imefuata. Kwa hiyo kabla ya kuanza lolote, omba masharti ya bima yako kwa maandishi. Nyingi hutaka uhudhurie kwa mtaalamu wa lishe kwa miezi kadhaa mfululizo, na ukiruka mwezi unaweza kuambiwa uanze upya. Kila unapopimwa uzito hakikisha umeandikwa kwenye faili.

Vipimo ni vingi: sukari, ini, vitamini D, B12, madini ya chuma, moyo, pengine na kamera ya tumbo kutafuta vidonda. Mvutaji sigara huambiwa aache wiki kadhaa kabla, na nikotini hupimwa. Kwangu kilichofaa kuliko vyote ni kipimo cha usingizi. Wanakubandika nyaya kichwani, kifuani na miguuni, kisha wanakuacha ulale huku mashine ikihesabu pumzi zako. Mume wangu alizoea kusema nakoroma. Kumbe pumzi ilikuwa ikikatika. Nilipewa mashine ya kunisaidia kupumua usiku, nikaizoea kabla ya siku ya upasuaji, kwa sababu mwenye tatizo hilo asipojulikana mapema huwa hatarini zaidi akipewa dawa ya usingizi.

Sasa huyo mwanasaikolojia unayetumwa kwake kabla ya upasuaji. Nimewasikia watu wakikariri majibu kana kwamba wanaenda kwenye usaili wa kazi. Jamani, msifanye hivyo. Anachotaka kujua ni kama unakula kwa njaa au kwa majonzi, kama una sonona isiyotibiwa, unakunywa pombe kiasi gani, nani atakuwa nawe nyumbani, na unatarajia nini. Pombe haiulizwi kwa umbea: baada ya upasuaji hupanda kichwani upesi zaidi, na wapo wanaoingia kwenye ulevi ambao hawakuwa nao. Ukikutwa na sonona, mara nyingi unatibiwa kwanza, kisha unaendelea. Mimi nilimweleza wazi kwamba nikitoka zamu ya usiku, nyumba nzima imelala, nakula hadi nachoka. Akaniambia kabla sijafungua friji niandike neno moja la ninavyojisikia. Daftari lile lilijaa neno "upweke". Tukaanzia hapo.

Kuna jambo ambalo hakuliuliza, nasi lazima tujiulize. Kwetu mtu akikonda ghafla watu hunong'ona kuwa anaumwa, na ukikataa pilau ya harusini mwenye shughuli hukasirika. Amua mapema utamwambia nani na utasema nini. Mama yangu nilimpigia simu, akalia: "Mwanangu, tumbo alilokuumba nalo Mungu walikate?" Nikamweleza taratibu kwamba kwa aina ya upasuaji wangu wanaondoa takriban asilimia 80 ya mfuko wa chakula, unaobaki una umbo la ndizi, na matumbo hayaguswi. Alihitaji muda. Mpe mzazi muda huo kabla ya upasuaji, si ukiwa kitandani na maumivu.

Na fanya mazoezi ya kula sasa hivi. Tonge dogo, tafuna mpaka lilainike, anza na samaki au yai kabla ya wali. Usinywe chochote pamoja na chakula. Subiri nusu saa. Kwa sisi watu wa pwani, kutenganisha chai na maandazi ni mtihani kweli kweli, na ni bora uufanye ukiwa bado na tumbo lako zima. Zile wiki mbili za mwisho za chakula cha wanga kidogo zina sababu: ini lenye mafuta hupungua, daktari akapata nafasi ya kufanya kazi. Vitamini utameza maisha yako yote. Dada zangu, panga uzazi pia, kwani hushauriwa kutoshika mimba kwa miezi 12 hadi 18.

Bima ikikataa, usikunje barua ukalia. Soma sababu iliyoandikwa, mpelekee daktari wako, na mkate rufaa kabla muda uliotajwa humo haujapita. Mara nyingine kinachokosekana ni karatasi moja tu ya mtaalamu wa lishe.