Mavyaa Anagonga Dirisha, Wewe Wavuta Shuka

*Somo, shikamoo. Nina miaka 34, watoto watatu, nakaa Langoni, Lamu. Niliolewa na kilo 61, sasa nina 92. Nimejaribu kila kitu kupunguza mwili lakini watu wa nyumba hii hawaniachi. Mume wangu ni nahodha wa mashua ya watalii huko Shela. Nilipomwambia nataka kuingia jimu alinikataza, akasema pale wanaume na wanawake wamechanganyika. Idi ya mwaka juzi aliniletea raba kutoka Mombasa, akadhani yamekwisha. Mavyaa ndiye balaa. Kila asubuhi aleta mahamri na mbaazi za nazi, nikikataa atasema namdharau. Tena alfajiri hunigongea dirisha majirani wakisikia, ati twende tukatembee mpaka Shela, kunikejeli tu. Ramadhani nilidhani nitapungua, nikazidi kilo mbili. Shoga yangu aliniuzia chai ya kupunguza tumbo kwa shilingi 3,500; nikapungua wiki moja, mwili ukarudi. Nachelea mume wangu ataniletea mke mwenza, maana wanawake wembamba wamejaa huko Shela. Juzi nilipokwenda kudungwa sindano ya kupanga uzazi, nesi alinipima presha akasema ni 150 kwa 95, nirudi wiki ijayo, ila sijapata nafasi. Nifanyeje na watu hawa?*

*Mnyonge wa Langoni*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa unyonge. Pole yangu ndiyo hiyo moja, usingojee ya pili.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nilianza kuhesabu watu: mume yumo, mavyaa yumo, shoga yumo, majirani wamo, wembamba wa Shela wamo, na nesi kaingia mlango wa nyuma. Mara ya tatu nikakutafuta wewe, sikukuona. Mahamri yanaletwa, sawa. Nani anayatia kinywani? Hapo barua yako imenyamaza.

Tuanze na huyo mume katili. Amekukataza jimu ya mchanganyiko, hakukukataza mazoezi. Hayo ni mambo mawili, nawe umeyafunga kitita kimoja ili uninunulie machozi. Mwanamume aliyekuwa Mombasa na shughuli zake, akakumbuka namba ya mguu wako, akabeba raba ndani ya basi mpaka Mokowe, akavuka nazo kwa boti, huyo ndiye anayekuzuia? Zi wapi raba hizo? Hukusema zimechakaa. Ziko kabatini ndani ya boksi lake, na zile karatasi bado zimejazwa puani. Nakuambia kama niliyefungua kabati.

Mavyaa sasa. Hapa nitakuudhi, basi udhika. Mama mtu mzima aliyekwisha lea, aliyekwisha zika, anaamka na adhana, anatia buibui, na kabla hajaenda zake anapita kwako kukugongea. Si mara moja. Wewe mwenyewe umeandika “alfajiri hunigongea”, kwa hiyo ni mazoea. Mtu wa kukejeli hukejeli mchana, barazani, penye watu wa kucheka. Alfajiri nani anamcheka nani? Paka wa Langoni? Mama huyo amekuona unapanda ngazi ukihema, akaogopa, na kwa kuwa kukwambia “mwanangu umenenepa” ni aibu kwake na kwako, akatafuta njia ya heshima: twende tukatembee. Wewe ukavuta shuka.

Na mahamri? Nakujua, nawajua wa Lamu wote. Sahani hairudi tupu kwa mwenyewe. Akileta mahamri, wewe wairudisha na kaimati. Akileta mkate wa sinia, wewe wairudisha na viazi karai. Mnalishana kama mnaoshindana, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye asiyeshiba. Kesho irudishe sahani hiyo na vipande vya papai, au matango na ndimu, umwambie kwa mdomo wako: “Mama, nimepimwa presha, wamesema iko juu, nisaidie.” Nitashangaa sana akinuna. Mahamri yakija, watoto wale, wewe chukua moja na mbaazi kidogo, kisha ondoka hapo mkekani. Usibaki kuwamalizia watoto masazo. Masazo nayo ni chakula, hata kama hukujipakulia.

Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Hamri linaingia karaini, linayanywa, linatoka linang'aa. Tui nalo lina mafuta yake. Sikwambii uache nazi. Mwanamke wa pwani kuachishwa nazi ni kama kuhamishwa mji. Tumia tui la pili mahali pa tui zito, wali upungue sahanini na samaki azidi, na samaki mwenyewe awe wa kuchoma au wa kupaka badala ya wa kukaanga. Chai ya sukari vijiko vitatu, mara nne kwa siku, ni vijiko 12. Hesabu hiyo haihitaji daktari. Na kwa ajili ya presha, papa wa chumvi, ng'onda na achari ya kila mlo vipumzike. Chumvi ya siku nzima haifai kuzidi kijiko kimoja cha chai, na kipande cha papa peke yake hukuchotea nyingi ya hiyo.

Umeniambia kuhusu Ramadhani kama mtu aliyeibiwa. Tunafunga saa 13 na ushei, kisha kuanzia Magharibi mpaka daku ni sambusa, viazi vya nazi, tambi, kaimati na maji ya matunda yenye sukari. Tumbo halikufunga, limebadilisha zamu tu. Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alifundisha theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi. Sisi pumzi tumeinyima theluthi yake, ndiyo maana tarawehe tunaswali tukiwa tumekaa.

Hiyo chai ya shoga yako (shoga gani anakutoza 3,500?) nitakueleza ni nini. Chai nyingi za namna hiyo ndani yake mna sanamaki, ile ile bibi zetu waliyotunywesha tukifunga choo. Unaharisha, maji yanatoka, mizani inashuka, unafurahi. Ukinywa maji, kilo zinarudi zote na salamu. Mafuta hayakuguswa. Ukiendelea nayo sana, mwili unapoteza madini ambayo moyo unayataka, na wewe moyo wako una kazi ya kutosha tayari.

Hapo ndipo nataka tukae. Presha umeipachika mwisho wa barua, kama deni la duka ambalo mtu hulitaja akiwa ameshavaa viatu. 150 kwa 95! Mke mwenza ambaye hajazaliwa katika fikira za mumeo amekutia hofu, na nambari iliyoandikwa kwenye karatasi yako haikukutia. Mpaka wa kuitwa presha ya juu ni 140 kwa 90, nawe umeuvuka juu na chini. Kipimo kimoja hakitoshi kukuandika mgonjwa, ndiyo sababu nesi alikwambia rudi. Presha haina kelele. Haikuumizi kichwa kila siku ikakukumbusha. Inakaa kimya inachakaza mishipa, moyo, figo, mpaka siku moja mdomo unapinda. Waliopita walisema mficha maradhi kilio humfichua, na nimekwenda kwenye vilio vya namna hiyo, wafiwa wakiulizana “alikuwa anaumwa nini?”

Basi wiki hii, kabla ya raba na kabla ya papai, rudi kliniki. Ukifika, muulize nesi juu ya hiyo sindano ya miezi mitatu pia. Kuna wanawake inawaongezea mwili, na mwenye presha anafaa kuulizia kama njia nyingine itamfaa zaidi. Usiiache kimyakimya ukaja kuniandikia tena una mimba ya nne. Mwambie akupime sukari. Mwambie pia unataka kuanza kutembea, akwambie kama pana la kuangalia kwanza. Habari njema ni kwamba huhitaji kurudi kilo 61 ndipo mwili ukushukuru. Ukipungua kilo 5 tu kati ya hizo 92, presha mara nyingi huanza kushuka. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Umezichukua kilo hizi tangu harusi, leo wataka ziondoke kabla ya Maulidi.

Sasa kutembea. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokutoa jasho kidogo. Kutoka mjini mpaka Shela ni kama kilomita 3, dakika 40 hadi 45 kwa mwendo wa mama mtu mzima. Kwenda na kurudi mara mbili, wiki yako imetimia na chenji inabaki. Lakini wewe usianze na Shela, utalala siku nne uchukie watu wote. Anza Langoni, fuata ukingo wa bahari mpaka mwisho wa Mkomani, rudi. Wiki ya tatu geuza uso Shela, na ukichoka huko boti za kurudi zipo. Angalieni maji: siku za bamvua yakijaa, upande wa karibu na Shela utatembea na buibui limelowa mpaka magotini. Mavyaa bila shaka anajua saa zake, huyo hahitaji kalenda. Nyumbani, mara mbili kwa wiki, kaa kwenye kiti uinuke mara kumi bila kushika popote, pumzika, rudia. Misuli nayo yataka kazi yake.

“Watu wataniona.” Hukuliandika neno hilo, ila ndilo lililoandika barua nzima. Jimu uliitaka kwa sababu ina kuta. Chai uliitaka kwa sababu hunywewa jikoni. Ramadhani uliitaka kwa sababu kila mtu anafunga, ukipungua hakuna atakayejua ulikuwa umekusudia, na usipopungua hakuna atakayejua umeshindwa. Wataka wembamba ukujie kwa siri kama kanzu ya magendo. Mficha uchi hazai, mwanangu. Siku ya kwanza watoto wa chuo cha Kurani watacheka. Siku ya nne watakusalimia. Wiki ya pili punda wa mtu ataanguka na mchanga Mkunguni, na habari yako itakuwa imezeeka.

La mke mwenza silipiti hivi hivi, ingawa sitakupendeza. Mwanamume mwenye nia ya kuoa haulizi mizani. Wembamba wenye wake wenza nawajua, wanene walio peke yao nawajua pia. Enzi zetu mwanamke akinawiri baada ya harusi, mume ndiye aliyepongezwa: kumbe analisha! Tulikuwa tukikuna nazi kwa mbuzi, tukiteka maji kisimani, tukitwanga, tukienda harusi za mitaa ya juu kwa miguu na kurudi usiku wa manane. Mwili ulikuwa na shughuli. Siku hizi mashine inasaga, mfereji uko jikoni, na pikipiki zimeingia kisiwa ambacho punda alikitosha, halafu mchana kutwa tunatazama kwenye simu viuno vya wanawake wasiojua hata bei ya samaki. Na wanaume je? Hao wanaokaa barazani na kahawa na halua, kitambi kimetangulia magotini, nani anawapelekea barua za ndoa kuvunjika kwa unene? Hakuna anayewaambia “nitakuletea mume mwenza”. Mwambie mumeo naye, siku isiyo na wageni, muondoke wote na mamake. Nahodha wa siku hizi anakaa na injini, mikono haivuti tanga tena.

Ndoa za sasa zina ugonjwa huo: mtu anafanya jambo la mwili wake mwenyewe kwa hofu ya mwenzake, kisha likishindikana, lawama ni ya mwenzake. Ukipungua kwa ajili ya mke mwenza, siku mumeo akikununia utarudi karaini kumkomoa. Nani atakuwa amekomoka?

Leo usiku zitoe raba kabatini, zitoe karatasi puani, uzivae uzunguke ukumbini kidogo. Zimekaa muda mrefu na mguu hubadilika. Zikikubana kidoleni, mume anajua duka. Ila ikiwa miguu yenyewe imevimba, hiyo haimhusu mwenye duka. Ni jambo la kumwambia nesi siku hiyo hiyo utakayorudi. Na akikugongea kesho, usiwashe taa kwanza ukajipamba. Jibu tu kutoka ndani: “Nakuja, mama.”