Motisha ya ndani: ndani ya nini?

SWALI: Nasomea ualimu. Kwenye saikolojia tunafundishwa "motisha ya ndani", na kwenye falsafa "thamani ya ndani". Mhadhiri anasema mwanafunzi anayesoma kwa kuogopa aibu hana motisha ya ndani. Mbona aibu hiyo iko moyoni mwake? Na je, "ndani" hizi mbili ni moja?

JIBU: Mhadhiri wako yuko sahihi. Kinachokutatiza ni hilo neno "ndani": ukilisikia, akili inakimbilia kifuani mwa mtu. Wanasaikolojia hapa hawaulizi msukumo unakaa wapi, wanauliza mtu anafuata nini. Anayesoma kwa kuwa somo lenyewe linamvutia ana motisha ya ndani. Anayesoma ili asichekwe anafuata kitu kilicho nje ya somo, hata kama hofu hiyo hakumwambia mtu. Edward Deci na Richard Ryan, wanasaikolojia waliolichambua sana jambo hili, wanaiweka aibu ya namna hiyo upande wa motisha ya nje.

Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa kwa watoto wa chekechea waliokwisha kupenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti kabla ya kuchora. La pili lilipewa cheti kwa kushtukizwa, baada ya kumaliza. La tatu halikupewa kitu. Baadaye kalamu za rangi ziliwekwa tena mezani, safari hii bila ahadi yoyote, na watoto walioahidiwa cheti wakazitumia muda mfupi kuliko wenzao. Angalia vizuri kundi la pili: lilipata cheti kilekile na hamu yake haikupungua. Kilicholeta tofauti ni kuchora kwa ajili ya cheti.

Kiswahili cha ofisini nacho kinatuchanganya. "Wafanyakazi wapewe motisha" mara nyingi maana yake ni pesa, hivyo asiyeijua fani anaweza kudhani motisha ya ndani ni posho inayotolewa kimyakimya! Wapo wanaopendelea "ari ya ndani". Mimi hapa siipendi, kwa sababu ari ina harufu ya kutotaka kushindwa na wenzako, na hicho ndicho tunachojaribu kukitenga. Baki na istilahi uliyofundishwa, ila mara ya kwanza unapoitaja ongeza: yaani hamu inayotokana na kazi yenyewe.

Kuhusu thamani, ndiyo, "ndani" ni ileile: thamani ya kitu kwa nafsi yake, si kwa faida kinayoleta. Dawa chungu hainywewi kwa ajili yake, inanywewa kwa ajili ya afya. Mwanafalsafa G. E. Moore, mwaka 1903, alitoa kipimo: kifikirie kitu kikiwa peke yake, bila kingine chochote, kisha uulize kama bado ni vyema kiwepo. Usiandike "thamani halisi" kwa maana hii, maana wachumi wanaitumia kwa thamani iliyoondolewa athari ya mfumuko wa bei. Na ukiieleza, upatanisho wa kisarufi uwe "thamani ya kitu chenyewe", kwani ukisema "thamani yenyewe" unasisitiza thamani, si kitu.

Hata hivyo usizichukulie kama pacha. Motisha ni ya mtu: mimi naweza kuvutiwa na kuchora, wewe kusikuguse. Thamani ya ndani, kwa wanaoikubali, haingoji mtu avutiwe. Unaweza usiwe na hamu hata kidogo ya kuutazama msitu, na mwanafalsafa wa mazingira akashikilia kwamba msitu huo una thamani ya ndani vilevile.