Una mshono wa zamani tumboni? Ukaguliwe kwanza kabla ya kunyonywa mafuta

"Nimezaa kwa upasuaji mara mbili. Naweza kunyonywa mafuta ya tumbo?" Kwa wengi jibu ni ndiyo, mradi mshono umetimiza angalau miezi 6, na ukifika mwaka ni bora zaidi. Kovu lenyewe si kizuizi. Hatari ni kile kinachoweza kuwa kimejificha chini yake, na hilo hujulikana kabla ya siku ya upasuaji, si mezani.

Daktari huingiza mrija wa chuma wa milimita 3 au 4 kupitia tundu dogo, akausukuma mbele na nyuma ndani ya mafuta yaliyo kati ya ngozi na misuli. Ncha haioni. Mkono wake wa pili umelala juu ya tumbo, unaifuata kwa kuipapasa. Kwenye mafuta laini mrija huteleza. Ukifika kwenye kovu hugoma, maana pale pana nyuzi ngumu zilizoshikamana mpaka kwenye misuli. Akilazimisha, kovu huachia ghafla na ncha huruka. Ikielekea chini, hutoboa ukuta wa tumbo. Na kwa aliyewahi kupasuliwa, huenda utumbo umegandana na ukuta huo kwa ndani, hauna pa kukwepea. Ngiri ya mshono ni mbaya zaidi: misuli imeachana, utumbo umepenya na kukaa mle mle kwenye mafuta, umefunikwa na ngozi tu.

Ngiri ndogo kwa mtu mnene haionekani kwa macho. Daktari anatakiwa akupapase mshono ukiwa umesimama, ukohoe. Kisha ulale chali, unyanyue kichwa na mabega bila kujiegemeza kwa mikono, huku vidole vyake vikiwa juu ya kovu na kitovu. Kitu kikisukuma vidole, au akiwa na shaka yoyote, upigwe picha ya altrasaundi au CT. Asiyekugusa tumbo hajakukagua, hata kama ofisi yake inang'aa namna gani. Ngiri ikipatikana, itengenezwe kwanza.

Taja kila upasuaji, hata wa kidole tumbo wa utotoni. Ule wa matundu madogo kwa kamera (laparoskopi) nao watu huusahau kwa sababu alama zake ni ndogo, ilhali tundu la kitovuni ni mahali ngiri hupenda kutokea. Kama uliwekewa wavu wa kuziba ngiri, sema. Sema pia vidonge vya uzazi wa mpango, aspirini na dawa za mitishamba. Ikiwa tumbo limetokeza kwa sababu misuli ililegea baada ya uzazi, kunyonya mafuta hakutalirudisha, na mtu aelezwe hivyo kabla hajalipa.

Muulize daktari atatoa lita ngapi. Zikizidi 5, ulale hospitalini usiku huo. Jina lake na la kituo yaangalieni kwenye sajili ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari na vituo vya afya Kenya.

Baada ya upasuaji utavaa nguo maalumu ya kubana kwa wiki 4 hadi 6. Hapa kwetu ndipo bibi na shangazi huleta mkaja na maji ya moto, kwa mapenzi kabisa. Wakubalieni mapenzi, mkaja uwekeni kando: leso hujikunja, na kila mkunjo uliokaza huweza kuacha bonde kwenye ngozi. Maji ya moto ni hatari kuliko hilo. Ngozi iliyonyonywa mafuta huwa na ganzi kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mtu huungua bila kuhisi. Tembea ndani ya nyumba tangu siku ile ile, damu isigande miguuni.

Maji mekundu mepesi yakitoka kwenye matundu siku ya kwanza na ya pili ni kawaida. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, tumbo kuwa gumu kama ubao, kutapika, homa au moyo kwenda mbio si kawaida: huenda utumbo umetoboka. Kupumua kwa shida huashiria damu iliyoganda kufika mapafuni. Dalili za utumbo huweza kuchelewa siku kadhaa, nazo hufunikwa na dawa za maumivu. Ndiyo maana mtu wa Lamu aliyepasuliwa Mombasa asirudi kisiwani kesho yake. Akae wiki nzima karibu na hospitali. Usiku wa manane, boti mpaka Mokowe, gati la upande wa bara, na barabara ndefu baada yake ni saa ambazo utumbo uliotoboka hauzisubiri. Hata kwa aliye Malindi, Mombasa ni kilomita 120 hivi.

Ukifika hospitali yoyote, mwambie daktari wa zamu mara moja: "Nimenyonywa mafuta ya tumbo siku kadhaa zilizopita, na nina mshono wa zamani." Asipoambiwa, matundu yale madogo hayatamwonyesha kwamba mrija ulipita.